Waya Uliokatika: Tafakuri ya Mfasiri Ufipa

Likizo moja nilikaa Sumbawanga nikifasiri makala kuhusu vifaa vya elektroniki vya molekuli. Nilipofikia mbinu ya waya mwembamba wa dhahabu unaovutwa hadi ukatike, niliandika "kiungo kilichovunjika". Baba mdogo, ambaye ni fundi umeme, akauliza: "Mwanangu, waya uliokatika unapitishaje umeme?"

Swali hilo lilinionyesha kwamba istilahi yangu ilitaja ajali badala ya mbinu. Mwaka 1997 Mark Reed, James Tour na wenzao walikata waya wa dhahabu uliofunikwa kwa molekuli, kisha wakazisogeza ncha zake taratibu hadi zikabakiza mwanya wa nanomita 0.8 hivi. Hapo mkondo ukapimwa. Kukatika, basi, ndiko kunakojenga kifaa. Kwa hiyo napendekeza "kivuko cha mkatiko", maana kivuko hudokeza kwamba pana pengo na pana kinachovusha.

Baba mdogo hakuridhika. "Na hiyo molekuli nani ameiona?" Katika mji ambao jina lake wenyeji hulifasiri kuwa "tupa uchawi", swali hilo si la kuchekwa. Anayedai kuwa kisichoonekana kimetenda hana budi kutoa ushahidi. Mwaka 2003 Bingqian Xu na Nongjian Tao waliutoa kwa marudio: ncha ya dhahabu iligusishwa na kuinuliwa maelfu ya mara ndani ya myeyusho wenye molekuli. Upitishaji ulishuka kwa ngazi, na vipimo vikarundikana kwenye thamani moja na zidishi zake: molekuli moja, mbili, tatu.

Nilimkumbusha malungu, yale matanuri marefu ya udongo ya wahunzi wa Kifipa. Kilichotendeka ndani hawakukiona. Walikijua kwa kilichotoka, wakakisafisha tena katika kintengwe, tanuri dogo la mivukuto. Leo wanaakiolojia huisoma kazi hiyo katika mavi ya chuma.

"Kumbe ni kurudiarudia," akasema.

Mlinganisho huu una mpaka wake: mhunzi alitafuta jembe, mwanafizikia anatafuta kipimo. Hata hivyo, umenifunza jambo moja kuhusu kazi yetu. Istilahi haitoshi kukubaliwa na jopo la wataalamu tu. Sharti pia imwezeshe fundi kuuliza swali lililo sahihi. Ile yangu ya kwanza ilimpotosha, nami nimeifuta.