Joto Liende Wapi?

Breki haiui mwendo. Huugeuza ukawa joto, na joto likishazaliwa halina budi kutafutiwa pa kwenda. Chukua gari la kilo 1,400 linalokimbia kilomita 200 kwa saa, ulipunguze hadi 80 kabla ya kona: katika sekunde tatu au nne hutoka joto la kutosha kuchemsha zaidi ya lita 5 za maji ya bomba. Ukizidisha mwendo maradufu, joto linazidi mara nne. Mjini hatuyaoni haya, kwa sababu kati ya taa na taa diski hupata nafasi ya kupoa. Kwenye uwanja wa mbio kona ya pili hufika wakati joto la kona ya kwanza bado limo ndani ya chuma.

Mimi si dereva wa mbio. Haya nimeyajulia Ujerumani, kwa shemeji yangu anayeishi Köln, mtoto wa Mombasa kama mimi, ambaye mshahara wake huishia kwenye Golf GTI. Kutoka kwake hadi Nürburgring ni saa moja na kitu. Sehemu kongwe ya uwanja huo, Nordschleife, ilifunguliwa mwaka 1927: kilomita 20.8 za kona zaidi ya 70, zikipanda na kushuka ndani ya misitu ya Eifel. Siku zinazoitwa Touristenfahrten, mwenye leseni na gari halali hulipa akaingia. Kisheria hapo ni barabara ya kulipia ya njia moja. Sheria za barabarani zinatumika, na ukigonga vyuma vya kando utaletewa bili. Kuna mteremko uitwao Fuchsröhre ambao gari huuporomoka likijikandamiza chini, halafu ghafla zinatokea kona za Adenauer Forst. Ukitoka hapo unashuka tena, hadi Breidscheid. Kupanda kunapima injini. Kule kushuka ndiko breki zinakohojiwa.

Shemeji alikuwa amekwisha chagua breki mpya: kalipa nyekundu, yaani vibanio vya kukaza pedi kwenye diski, zenye pistoni sita kila upande wa mbele.

"Shemeji, ukiziona ndani ya rimu utaelewa," aliniambia.

"Mimi nitaelewa, shemeji. Tairi je, zitaelewa?"

Sikuwa namtania tu. Kama breki zilizotoka kiwandani zina nguvu ya kuzifunga tairi, basi katika kusimama kwa mara ya kwanza kalipa kubwa hazimfupishii mtu umbali. Anayeamua ni mpira ulioshika lami. Faida ya diski kubwa inaonekana baadaye, kwenye kusimama kwa kumi na kwa ishirini, kwa kuwa chuma kingi hubeba joto jingi na uso mpana hulitoa upesi. Ni ustahimilivu ndio unaonunuliwa pale, ingawa pichani inaonekana ni nguvu.

Mzee wa gereji, jirani na uwanja, hakugusia kalipa kabisa. Aliuliza mafuta ya breki yalibadilishwa lini. Mafuta hayo hunyonya unyevu wa hewa kimyakimya, hata gari likiwa limelala. Aina ya DOT 4 ikiwa mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230 za selsiasi. Ikishaingiwa na maji kiasi, kiwango chake cha chini ni 155. Ikichemka huzaa mapovu, na povu, tofauti na mafuta, hubonyea. Dereva anakanyaga, pedali inazama hadi sakafuni, gari linaendelea na safari yake. Pedi zikizidiwa na joto mambo huwa kinyume: pedali iko imara chini ya mguu, ngumu kama kawaida, lakini hakuna kinachoshikwa. Basi orodha ya mzee ikawa ya vitu visivyopigwa picha: mafuta mapya, mipira ya breki iliyofumwa kwa chuma, pedi zinazovumilia joto na zenye kibali cha barabarani, na mfereji wa kuelekeza upepo kwenye diski. Pedi halisi za mashindano aliziweka kando. Hazina kibali, na asubuhi zikiwa baridi hazishiki vizuri. Nimewahi kufanya kazi na watu wa aina hiyo, hodari siku ya moto tu, na siku za kawaida hawakaliki.

Safarini nikirudi nilimfikiria shangazi yangu wa Mombasa. Kila ukoo una breki yake, na yetu ni yeye. Nyumba ya urithi ikigombewa, ataitwa. Ndoa ikitikisika, wote wawili watapelekwa kwake, na watatoka wamepoa. Tumezoea kusema ugomvi umekwisha. Lakini ule moto umekwenda wapi? Tunamsifu kwa kuzima, tunamletea mwingine kabla ya magharibi. Miaka miwili sasa nimeona ile hali ya pedi: salamu ni zilezile, anapokea simu, anakaa kikao, anasema maneno yaleyale ya busara, na hakuna anayetulia. Pedali inayozama humtisha mtu papo hapo, akaacha. Hii ngumu inadanganya, kwa hiyo tunazidi kukanyaga.

Kwenye magari, swali la moto kwenda wapi liliwahi kupata jibu. Mwaka 1953 Jaguar walipeleka gari la C-Type kwenye mbio za saa 24 za Le Mans likiwa na breki za diski, wakati wapinzani wengi walikuwa na breki za dramu. Tony Rolt na Duncan Hamilton wakashinda. Dramu husuguliwa kwa ndani, na joto hujifungia humo. Diski huzungukia nje, upepo ukiipiga. Sina hakika kama ushindi wote ulitokana na hilo, maana gari lile lilikuwa jepesi pia, ila tangu hapo hoja ya kuacha breki wazi kwa hewa haikurudi nyuma.

Shemeji sasa akimaliza mzunguko havuti handibreki ya gari. Huendesha polepole kwenye barabara za vijiji hadi diski zipoe, kisha huegesha na kuliacha kwenye gia, maana pedi ikibanwa juu ya chuma cha moto huacha alama. Dakika kumi hizo hazihesabiwi na saa ya mbio yoyote.

Nilimweleza shangazi habari hizi kwa simu, akacheka, akauliza kama huko Ulaya wanalipwa kwa kuchoma mafuta. Lakini kikao cha ile nyumba ya urithi kilipokwisha, alifunga begi akaenda Malindi kwa rafiki yake wa utotoni, na simu akamwachia binti yake. Walionung'unika hawakukosekana. Mjomba alikuwa ameshaishika simu kumtafuta kwa ajili ya ugomvi wa shamba la Kaloleni. Nikamsihi angoje, hata Ijumaa ipite.