Usizichanganye ngoma mapema

Leo naweka kando PHP na hifadhidata, tuzungumze juu ya ngoma. Msikimbie! Mwishowe mtaona ni jambo lile lile tunalobishania kila siku sisi waandika programu: utunze kipi, utupe kipi.

Kwa wale wasiokijua, kinasa sauti cha treki nyingi ni kijisanduku kinachorekodi sauti kadhaa kwa pamoja huku kila moja ikikaa mahali pake, bila kuchanganyika na jirani. Changu ni Zoom R16, kilichotoka mwaka 2009. Kina treki 16, kinanasa 8 kwa wakati mmoja, na kila treki inakuwa faili lake la WAV kwenye kadi ya SD. Stima ikipotea, kinakula betri 6 za AA. Hilo la mwisho wenzangu wa huku mnajua thamani yake.

Sasa basi. Nina mjomba Likoni ambaye amepiga msondo tangu ujana wake. Vidole vimeanza kukakamaa na mwenyewe ametangaza kwamba harusi hataziweza tena. Mjukuu wake wa miaka 14 anataka kuushika msondo huo. Kwa hiyo tulipopanga kurekodi pale sebuleni kwake, mimi sikuwaza utamu wa muziki peke yake. Niliwaza ni nani ataitumia kazi hii mzee akishapumzika.

Nilianza kwa kuuliza kama kila mpigaji angeweza kupiga peke yake, mmoja baada ya mwingine, maana hiyo ndiyo njia safi kabisa.

"Mwanangu," mjomba akasema, "kama vumi haipo, mimi msondo namjibu nani?"

Swali likaishia hapo. Ngoma hizi zinazungumza, na mazungumzo hayarekodiwi mtu mmoja mmoja. Wakapiga wote kwa pamoja.

Mpangilio wangu ulikuwa hivi. Treki 1 vumi, 2 chapuo, 3 msondo, 4 upatu, kila kimoja na maiki yake shubiri moja hivi kutoka penye mlio. Treki 5 na 6 nikaziachia maiki mbili za kondensa zilizosimama mbali, za kunasa chumba kizima. Sikuchagua namba hizo kwa kubahatisha: kwenye R16 ni tundu la 5 na la 6 tu yanayotoa volti 48 ambazo maiki za namna hiyo zinahitaji. Treki 7 nikaiacha tupu, na baadaye mjomba akakaa akaeleza kwa mdomo mkono upi unaanza na lini unangoja.

Sauti kuvuja kutoka ngoma moja hadi maiki ya nyingine huwezi kuzuia kabisa, lakini unaweza kupunguza. Maiki nyingi za jukwaani husikia vizuri mbele na huwa kama kiziwi nyuma. Niliwaketisha wapigaji nusu duara, kisha kila maiki nikaigeuza ili mgongo wake umtazame jirani mwenye kelele zaidi. Godoro moja lilisimamishwa kati ya vumi na chapuo. Gharama yake ni sifuri.

Kuna hesabu moja ya kukumbuka. Sauti hewani husafiri takriban mita 343 kwa sekunde. Maiki zangu za mbali zilikuwa mita 3 kutoka kwenye ngoma, hivyo pigo lile lile lilizifikia likiwa limechelewa karibu milisekunde 9. Ukizijumlisha hivyo hivyo na maiki za karibu, mawimbi mengine yanafutana na vumi inaweza kupoteza kifua. Dawa ni kuhamisha mafaili kwenye kompyuta, kuyafungua kwa Audacity, ambayo ni ya bure, na kuzivuta zile treki mbili za mbali nyuma kidogo mpaka mapigo yalingane. Hilo linawezekana tu kama treki bado ni mbalimbali.

Na hapo ndipo ubishi ulipoanza. Binamu yangu alitaka faili moja tu, tamu, la kutuma WhatsApp, na yaliyobaki tufute. Ana hoja, kwani hakuna atakayekaa kusikiliza upatu peke yake kwa dakika 4. Lakini mimi kwangu faili lililochanganywa ni kama programu iliyokwisha kutengenezwa wakati msimbo wake umetupwa. Itaendeshwa, ndiyo, ila hakuna atakayeweza kuifungua akajifunza au kuirekebisha.

Zamani watu walilazimika. Beatles waliporekodi Revolver mwaka 1966 mashine zilikuwa za treki 4, na katika wimbo wao "Taxman" gita, besi na ngoma zilikaa pamoja kwenye treki moja. Toleo lililochanganywa upya lilitoka mwaka 2022, miaka 56 baadaye, baada ya kupatikana programu ya kuvitenganisha. Hata sisi wa kawaida tunayo Spleeter, ambayo Deezer waliitoa bure mwaka 2019. Lakini Spleeter ngoma zote huzitoa kama fungu moja. Vumi na msondo haijui kuvitofautisha.

Sisi hatulazimiki. Treki moja ya biti 24, sampuli 44,100 kwa sekunde, ni karibu megabaiti 8 kwa dakika. Treki 6 kwa dakika 4 ni kama megabaiti 190. Kadi moja ya gigabaiti 32 inabeba zaidi ya nyimbo 150 za namna hiyo. Nafasi si kisingizio tena.

Tukakubaliana hivi: binamu akapata faili lake la WhatsApp, na treki zote zikabaki, nakala mbili, moja kwangu na moja kwa mjomba. Sasa kijana anafanya mazoezi kwa kuizima treki ya 3. Vumi inauliza, chapuo inachokoza, msondo haupo, na yeye ndiye anajibu. Msondo wa babu unasikika kwa mbali tu, ule uliovuja kwenye maiki za jirani. Mzee anakaa kando na kikombe cha kahawa, na kijana akiwahi kuingia anasikia, "Ngoja! Hujaulizwa bado."

Basi, kama kwenu kuna mzee mwenye ngoma, marimba au nzumari, panga siku. Utamu utauchanganya baadaye, hata mara kumi ukitaka. Kutenganisha ndiko kusikorudi nyuma. Tuonane wiki ijayo, tutarudi kwenye PHP.