Nilipima Upande Mmoja Tu

Mimi ni bwana shamba. Chuoni nilifundishwa mbegu, mbolea na kulima kwa ng'ombe. Sikufundishwa magari. Lakini kijijini bwana shamba huulizwa kila kitu. Ng'ombe akivuta kitu, hata gurudumu lake huwa ni kazi ya bwana shamba.

Mwaka 2016 wakulima 12 wa kikundi chetu walitaka mkokoteni wa ng'ombe. Mashamba yao yako bondeni. Mahindi waliyabeba kichwani, nao mlima ni mkali. Walichanga fedha wakanunua vyuma viwili kwa muuza vyuma chakavu. Vilikuwa vipande vya ekseli ya mbele ya gari la zamani. Ni zile ncha mbili ambazo magurudumu huzunguka juu yake. Mafundi huziita stabu.

Mafundi wa mikokoteni wanapenda stabu za mbele. Katika magari mengi ya zamani, gurudumu la mbele halisukumwi na injini. Linazunguka lenyewe. Stabu hukatwa, kisha huchomelewa kwenye bomba nene, moja huku na moja huku.

Vyuma vile havikuwa na jina wala namba. Kutu ilikuwa imekula kila kitu. Stabu ya kulia ilikuja na beringi zake kuukuu. Stabu ya kushoto ilikuja tupu. Niliziweka sakafuni pamoja, nikaziona kama mapacha. Nikapima ile ya kulia kwa rula. Nikaandika namba za beringi zake, nikatuma mtu mjini alete beringi za pande zote mbili.

Fundi alipozifunga, ya kulia ilikaa vizuri. Ya kushoto ilicheza. Akakata ukanda wa bati la kopo, akauzungusha kwenye stabu ili kuziba nafasi. Nilimwona. Nikanyamaza, kwa sababu mvua ilikuwa karibu na watu walikuwa na haraka.

Safari mbili zilikwenda salama. Ya tatu, mkokoteni ukiwa na magunia saba, gurudumu la kushoto lilichomoka kwenye mteremko. Magunia yalimwagika. Kijana wa miaka 14, aliyekuwa akitembea kando na fimbo, aliangukiwa na mkokoteni. Mguu ulivunjika chini ya goti.

Jioni nilikwenda kwa baba yake. Alinikaribisha, akanipa kigoda. Baadaye akauliza, "Bwana shamba, vile vyuma ulivipima?"

Nikasema, "Mzee, nilipima kimoja."

Hakusema neno tena. Heri angenitukana.

Tulipofungua gurudumu tulikuta bati limesagika na kuwa unga. Nilikwenda kwa fundi mzee wa magari, nikaomba anifundishe. Alipima stabu zote mbili kwa kipimo cha kubana. Ya kushoto ilikuwa nyembamba kwa milimita moja. Zilitoka kwenye magari mawili tofauti. Milimita moja, ndugu msomaji, ni kama unene wa kucha.

Haya ndiyo aliyonifundisha.

Kwanza osha chuma kwa mafuta ya taa na brashi ya waya. Kisha paka chaki juu yake na uifute kidogo. Chaki hubaki ndani ya mashimo, na namba iliyokuwa imejificha huweza kuonekana. Ikikosekana, tafuta namba kwenye beringi. Ekseli yaweza kuwa bubu, lakini beringi nyingi zimeandikwa ubavuni. Ila namba hiyo ni ya upande ule ilikotoka. Hapo ndipo nilipokosea mimi.

Tazama ncha ya stabu. Ikiwa na tundu linalopita katikati, ni ya gari linalosukumwa na injini hata mbele, kama Land Rover. Tundu lile ni njia ya chuma kinachozungusha gurudumu. Ikiwa haina tundu, gurudumu lilizunguka lenyewe.

Hesabu bolti za gurudumu. Land Rover za zamani, zile zilizoanza kuuzwa mwaka 1948, zina bolti tano. Pima kutoka katikati ya bolti moja mpaka katikati ya bolti jirani. Utapata milimita 97. Toyota Land Cruiser za zamani zina bolti sita, na kati ya bolti jirani utapata milimita 70. Mtu mwenye rula ya mtoto wa shule anaweza kuyapima haya.

Spana nazo husaidia. Nati ikikubali spana ya milimita bila kucheza, huenda gari lilitoka Japani au Ujerumani. Ikizikataa, jaribu spana za inchi za Kimarekani. Ikizikataa hizo pia, huenda ni ya Uingereza ya zamani, walipotumia vipimo vya Whitworth. Usilazimishe kwa nyundo. Jaribu pia kugeuza upande mwingine, maana nati za upande mmoja wa baadhi ya magari ya zamani hufunguka kinyume.

Kisha pima stabu mahali pawili: kwenye shina, panapokaa beringi kubwa, na karibu na ncha, panapokaa ndogo. Pima ya kulia, uandike. Pima ya kushoto, uandike. Beringi nzuri huingia kwa mkono, nayo haitikisiki. Ikitikisika, rudisha dukani. Bati la kopo si dawa.

Tulitafuta stabu nyingine ya kushoto kwa miezi minne. Mahindi ya mwaka ule yalibebwa kichwani, na mengine yalinyeshewa.

Yule kijana alipona, ingawa siku za baridi mguu humuuma. Mkokoteni upo mpaka leo. Kila mwaka kabla ya mavuno tunafungua magurudumu yote mawili na kuweka grisi mpya. Yeye ndiye anayeshika kipimo. Mimi huandika. Akisema namba, hunisubiri niirudie kwa sauti, ndipo aende upande wa pili.