Hodi ya Printa

Katika nyumba zetu mgeni hupiga hodi. Mwenyeji akiuliza, "Nani?" na mgeni akajibu, "Mimi," jibu hilo halitoshi, maana kila mtu ni mimi. Jambo hili nalijua tangu utoto, lakini sikulifahamu sawasawa mpaka nilipofundishwa na printa.

Nilinunua printa ndogo isiyohitaji waya, nikaipeleka ofisini kwangu chuoni. Nyumbani ilikuwa imetii mara moja. Chuoni ilikataa katakata. Ilikuwa jioni, na mtihani wa wanafunzi wangu ulitakiwa asubuhi. Kuupeleka katika duka la mjini, ambako kompyuta moja hutumiwa na kila mpita njia, ilikuwa sawa na kuutangaza sokoni. Nikamwita fundi wa mtandao, nami nina ghadhabu.

Kijana alikuja, akaniamkia kwa adabu, akasema, "Mwalimu, printa hii si mbovu. Mtandao wa nyumbani una ufunguo mmoja kwa watu wote. Aliye nao huingia. Mtandao wa chuo hufuata kanuni iitwayo 802.1X, iliyotolewa mwaka 2001. Kila aingiaye hutaja jina lake na nywila yake, na seva huhakikisha kabla ya mlango kufunguliwa. Printa yako ina mahali pa kuandika ufunguo. Pa kuandika jina haina."

"Basi," nikasema, "nitaifanya kompyuta yangu kuwa mlango wa uani, printa ipite kwa jina langu."

"Yawezekana, Mwalimu. Lakini kila atakayeupata ufunguo wa mlango huo ataingia chuoni kwa jina lako. Akitenda ovu, daftari la seva litakutaja wewe."

Nilinyamaza. Juma lile lile nilikuwa nimemwadhibu mwanafunzi aliyemtilia mwenzake sahihi katika orodha ya mahudhurio. Kosa nililoliadhibu mchana, jioni nilitaka kulitenda, nikaliita msaada.

Usiku ule fundi aliiunga printa na kompyuta yangu kwa waya mfupi, mtihani ukachapwa, nami nikaufungia kabatini. Kesho yake aliandika anwani ya mashine ile, yenye tarakimu na herufi 12, akaiunga kwa waya katika sehemu ya mtandao iliyotengwa, ambamo huzungumza na seva ya uchapaji peke yake. Nilimwuliza kwa nini anwani isitoshe. Akajibu kwamba anwani huweza kughushiwa. Kwa hiyo hata mgeni anayejulikana hupewa chumba chake, hakabidhiwi nyumba nzima. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Baada ya mtihani nilimwita yule mwanafunzi. Adhabu sikuifuta. Lakini nilikaa naye, nikamweleza kwa nini jina la mtu haliazimwi, jambo ambalo mara ya kwanza, kwa hasira yangu, sikulifanya. Nilimwambia pia kisa cha printa, na mwalimu aliyekaribia kuiazima jina lake.