Upofu Wenye Faida

Mwezi wa Julai, mbingu ya Gatwekera, Kibera, aghalabu hugubikwa na mawingu. Juu ya mabati ya nyumba moja mtaani humo zililazwa chupa za plastiki zenye maji, kwa desturi ambayo shirika la KWAHO liliieneza Kibera katika miaka ya 2000: maji yasiyo na tope huanikwa juani kwa saa 6, na kukiwa na mawingu mazito, kwa siku 2. Viua vijidudu vyenyewe hasa ni miale ya urujuanimno, ambayo jicho la binadamu haliioni.

Jioni moja mama mwenye nyumba alizishusha chupa kabla ya siku ya pili kutimia. Usiku kitindamimba wake akaharisha. Hakuna aliyeweza kuapa kwamba chanzo kilikuwa yale maji. Hata hivyo, kifunguamimba, mwanafunzi wa fizikia, aliazimia kutafuta kihisi cha kuipima miale ile.

Kwanza aliwazia neli ya kukuza mwanga, ambamo fotoni moja huweza kuzaa elektroni zipatazo milioni. Lakini neli hiyo huhitaji umeme wa volti nyingi, na mwanga mkali wa mchana huiharibu. Akaigeukia dayodi ya silikoni, ambayo bei yake ni nafuu. Kumbe hiyo huhisi mwanga wa kawaida vyema kuliko urujuanimno. Ingehesabu weupe wa mawingu na kumwahidi mama usalama usiokuwapo. Dayodi ya silikoni kabidi haihadaiki hivyo, ila hisi yake hufifia mno katika miale ya nanomita 320 hadi 400, na hiyo ndiyo sehemu ya urujuanimno ipitayo kwenye plastiki ya chupa.

Mwishowe aliteua dayodi ya galiamu nitridi, ambayo huhisi vyema hadi karibu nanomita 365, kisha huwa kipofu. Miale iliyosalia ingemponyoka, naam, lakini kosa hilo ni la kupunguza, si la kuongeza: chombo kingemwambia mama asubiri zaidi, kamwe si anywe mapema. Waama, shahidi mwema si yule aonaye mengi, bali yule asiyetoa ushahidi wa asichoulizwa.

Mama alimsikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Na kabla hicho hakijafika, mwanangu, leo tunywe nini?"

Kijana akanyamaza. Akachukua mfuko, akatoka kwenda kununua makaa ya kuchemshia maji.