Vitanzi vya Mstari wa Kwanza

Sweta la kwanza nililofuma kwa mkono lilikuwa la mtoto wa dada yangu aliyeko Butiama. Nililipeleka kutoka Bunda nikiwa nimelifunga kwenye kanga, dada akalipokea kwa vigelegele. Alipojaribu kumvisha mtoto, shingo ikagoma kupita kichwani. Mtoto akalia. Nikalivua taratibu, nikijua kosa lilipo: nilianzia shingoni, na vitanzi vya mstari wa kwanza nilivikaza mno. Mistari ya chini yake ilikuwa laini, inavutika vizuri, lakini hakuna mstari unaoweza kulegeza uliokwisha kukazwa kabla yake.

Nikalipeleka Musoma kwa mama mdogo, aliyenifundisha kufuma. Hakunilaumu. Alipima uzi mara tatu ya upana wa kazi, akauacha kama mkia, maana mkia mfupi unaweza kukuishia kwenye kitanzi cha 52 wakati unataka 60, ukalazimika kufumua vyote. Kisha akashika sindano mbili pamoja, akavisha vitanzi juu ya zote mbili, kidole gumba kikiongoza mkia, cha shahada kikiongoza uzi wa donge. Alipomaliza, akachomoa sindano moja. Vitanzi vikabaki vimepumua.

"Mwanangu, ulikuwa unavuta kwa hofu," akasema.

Ni kweli. Niliogopa visije vikafumuka.

Jioni tulishuka Mwigobero kununua samaki. Wavuvi walikuwa wakifunga wavu kwenye kamba yake ya juu, na hawakuunyoosha: wavu ambao ukivutwa unafika mita 100 hufungwa kwenye kamba ya mita 50 hivi, matundu yapate kufunguka. Nikasimama pale kwa muda. Nilikuwa namfikiria binti yangu aliyeanza darasa la kwanza mwezi Januari, na ratiba niliyoibandika ukutani: kuamka, kusoma, kulala, kila nusu saa na kazi yake. Nilikuwa nampenda, na nilikuwa nimemkaza.

Nyumbani niliibandua ratiba, kisha nikalifumua sweta. Uzi ulitoka umejikunja mawimbi mawimbi, kila kitanzi kimeacha alama yake. Nikauloweka, nikauanika kivulini. Binti yangu akaja kuugusa.

"Mama, bado una mikunjo."

"Bado," nikamwambia. "Tuuache ukauke vizuri."