Uzito wa Watu Chomboni

Wengi wakisikia habari za vijana kushindana kwa vyombo vya tanga siku ya sikukuu, hudhani kwamba huo ni mchezo tu, kama mpira au ngoma. Sisi wenyeji wa Mahagi-Port, ambao ziwa ni njia yetu na shamba letu, twaona vingine. Twataka kusimulia tuliyoyaona pwani ya Kenya, kisha tuseme kwa nini yalitugusa.

Kila mwaka, kwa kawaida mwezi wa Novemba, watu wa Lamu hufanya sikukuu ya utamaduni wao. Ilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kuna mbio za punda, kuna bao, kuna kuogelea. Lakini siku ya mashua ndipo mji mzima hushuka gatini. Tulipata kufika huko mwaka mmoja, tukasimama pamoja na wazee na akina mama, tukitazama mkondo ulio kati ya Lamu na Manda.

Mashua ina mlingoti mmoja, na tanga lake la pembe tatu limefungwa katika mti mrefu uitwao foromali. Nahodha yuko nyuma, ameshika usukani. Mwenziwe ana kamba ya tanga mkononi, ndiyo demani. Haya yote twaweza kuyaona katika picha. Jambo ambalo picha haionyeshi vizuri ni ule ubao. Ubao mrefu hutolewa nje ya chombo, upande utokako upepo, na vijana hupanda juu yake mmoja baada ya mwingine, maji yakipita chini ya miguu yao. Upepo ukizidi na chombo kikaanza kulala, wao husogea nje zaidi. Ukilegea, hurudi ndani upesi. Hawangoji kusukumwa. Nahodha atamka neno moja tu, pengine hata halitamki, nao wamekwisha hama. Chombo kigeukapo, foromali hupitishwa upande wa pili wa mlingoti, ubao nao hutolewa upande wa pili, na viroba vya mchanga huhamishwa kutoka ubavu huu mpaka ule. Kazi hii yote yafanyika kabla mtazamaji hajamaliza kumwuliza jirani yake kuna nini.

Wageni karibu nasi walisifu weupe wa matanga. Ni haki yao. Sisi tulitazama makalio ya vijana wale, yaani mahali walipokaa, maana hapo ndipo palipokuwa na elimu yote.

Tuliuliza wamefundishwa wapi. Tukaambiwa kwamba mtoto huanza chini kabisa, akifua maji ndani ya chombo cha baba au mjomba. Akizoea, hupewa kamba. Usukani huja mwisho. Hakuna cheti, ila siku ya sikukuu kila mtu gatini ni mwalimu wa kumsahihisha, na akina mama ndio wakali kuliko wote.

Sasa turudi kwetu. Ziwa Albert lina urefu wa kilometa 160 hivi, na upana wa kilometa 30 hivi. Milima imesimama kando yake kama ukuta. Mwaka 1864 Mwingereza Samuel Baker na mkewe Florence walisafiri kwa mitumbwi ya magogo kandokando ya pwani ya mashariki, ng'ambo yetu. Aliandika kwamba dhoruba iliwapata mchana, siku baada ya siku. Yeye alilitundika shuka lake zito la sufu likawa tanga. Mwaka 1876 Romolo Gessi, Mwitalia, alilizunguka ziwa kwa mashua mbili za tanga. Basi tanga si jambo geni katika maji yetu, ingawa leo twasikia zaidi sauti ya motere.

Lakini motere haimfundishi mtu kukaa. Tarehe 22 Machi 2014, chombo kilichowachukua ndugu zetu Wakongo, wakimbizi waliokuwa wakirudi nyumbani kutoka Uganda, kilizama katika ziwa hili. Kilikuwa kimejaa kupita kiasi. Walikufa watu zaidi ya 200, wengi wao watoto. Tena tarehe 25 Desemba 2016, siku ya Noeli yenyewe, wachezaji wa mpira na mashabiki wao walikuwa wakisafiri upande wa Uganda kwenda kwenye mchezo. Walikuwa wakiimba na kucheza chomboni. Polisi ya Uganda ilieleza kwamba uzito ulielemea upande mmoja, chombo kikapinduka. Watu wapata 30 walipotea.

Tazameni, wasomaji. Lamu vijana huenda wote upande mmoja, na chombo husimama. Kwetu vijana walikwenda upande mmoja, wakazama. Miili ni ileile, nguvu ni zileile, furaha ya sikukuu pia ni ileile.

Ndiyo maana twapenda kuona, siku moja ya sikukuu hapa Mahagi-Port, vijana wetu wakionyesha ustadi mbele ya wazazi. Si lazima iwe mbio za tanga. Waonyeshe jinsi ya kuwahesabu abiria na kumkataa mmoja aliyezidi, hata akiwa mkubwa wa mtaa. Waonyeshe kukaa chini wimbi linapokuja, kufua maji, kuupindua mtumbwi makusudi karibu na ufuko na kuushika wote pamoja mpaka msaada ufike.

Tulimweleza maneno haya mzee mmoja mvuvi, aliyekuwa akishona wavu wake mchangani. Hakupendezwa.

"Mwalimu," akasema, "ziwa halichezewi."

"Ndiyo, baba," tukajibu. "Lakini watoto wanalipanda kila siku."

Alishona matundu mawili au matatu bila kusema neno. Kisha akauliza jile moja la kuokolea yauzwa franka ngapi. Tukamwambia. Akaweka sindano chini, akaanza kuhesabu kwa vidole: petroli ya safari ngapi, wana wangapi nyumbani, wajukuu wangapi. Alipofika kwa wajukuu, vidole vilikwisha.